Mizani ya Nane na Sita: Kujifunza Kiingereza kwa Mashairi



 Ndugu wasomaji, katika toleo hili tumeombwa tueleze habari za somo la Kiingereza tunalowafundisha vijana wetu hapa Nguvumali siku za Jumamosi, baada ya darsa ya asubuhi. Tumeombwa kwa sababu maswali yamekuwa mengi. Baadhi ya wazazi wamewasikia watoto nyumbani wakisema maneno ya Kizungu kwa mapigo, huku wakipiga makofi, wakauliza: je, ndiyo masomo hayo? Ndiyo, ndiyo masomo hayo, na tunaomba nafasi tuyaeleze.

Tuanze na tatizo lenyewe. Mtoto wetu wa shule ya serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu miongoni mwa masomo. Akifaulu, wazazi wakafurahi, wakahangaika na sare na madaftari, mtoto anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila kitu kimegeuka. Biolojia ni Kiingereza, jiografia ni Kiingereza, na swali la hesabu ambalo angelijibu akiwa amefumba macho sasa limevaa nguo asizozijua.

Tulikuwa na binti mmoja hapa madrasa, jina lake tunalihifadhi. Aqidatul Awam aliihifadhi kwa wiki chache, na akiisoma mbele ya wenzake huwezi kumkuta amepepesuka. Alipoingia sekondari, alinyamaza. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa mtoro. Alinyamaza tu, muhula mzima, na mwisho wa muhula akaja na matokeo ambayo mama yake aliyakunja akayatia kwenye kanga. Tulipomwuliza, alituambia kuwa majibu alikuwa nayo, ila akiyatafuta kwa Kiingereza mwalimu alikuwa ameshamgeukia mwingine.

Jambo hili lilitukera kuliko tunavyoweza kuandika. Tukajiuliza: mtoto huyu ambaye si Mwarabu, ambaye nyumbani kwao hakuna anayezungumza Kiarabu, ameweza vipi kubeba kifuani beti 57 za Kiarabu bila kukosea, akashindwa kubeba sentensi tano za Kiingereza?

Jibu tulilipata katika swali lenyewe. Kiarabu alikipokea katika beti.

Njia tuliyonayo tayari

Mwanafunzi yeyote wa madrasa anajua kwamba masheikh wetu wa zamani hawakuiachia elimu itembee peke yake barabarani; waliifunga katika nadhamu. Sheikh Ahmad al-Marzuqi aliiweka itikadi katika beti hizo 57. Sheikh Sulayman al-Jamzuri aliziweka hukumu za nuni sakina na tanwini, na nyinginezo za tajwidi, katika beti 61 za Tuhfatul Atfal, mwaka 1198 Hijria. Ibn Malik, aliyefariki mwaka 672 Hijria, aliikusanya sarufi ya Kiarabu katika beti zipatazo elfu moja, ndiyo maana kitabu chake kikaitwa Alfiyya. Hawa walikuwa walimu. Walijua kwamba mtoto husahau maelezo aliyoambiwa jana, lakini ubeti alioupokea kwa mizani humrudia njiani, akiwa amebeba ndoo ya maji.

Basi njia hii si ngeni kwetu, na wala hatukuitoa Ulaya. Tulichofanya ni kuichukua kutoka kwenye mkeka wa madrasa na kuipeleka kwenye ubao wa Kiingereza.

Mzee wetu mmoja, Allah amlipe kheri, alitufuata baada ya Isha kutukumbusha mwisho wa Suratu Shuaraa, pale washairi wanapokemewa. Tulimshukuru, tukamkumbusha nasi kwamba aya zile zile zimewatoa walioamini na kutenda mema, na kwamba Hassan bin Thabit (R.A.) alikuwa mshairi wa Mtume (S.A.W.). Akauliza: na lugha ya watu wengine? Tukamtajia habari ya Zayd bin Thabit (R.A.), aliyeamrishwa na Mtume (S.A.W.) kujifunza maandishi ya Mayahudi, akayajua kwa muda wa nusu mwezi. Mzee alicheka, akasema nusu mwezi hizo ni za Zayd, si za watoto wa Nguvumali. Hapo hatukuwa na jibu.

Shairi lenyewe

Tulitafuta shairi la kuanzia, na kusema kweli hatukulipata haraka. Vitabu vingi vya watoto wadogo vina mashairi ya theluji na moto wa kuotea ndani ya nyumba, na mtoto wa Tanga atajifunza maneno ambayo hatayatumia mpaka apande ndege. Wako waliopitia chekechea wanaolijua lile shairi la nyota la Jane Taylor, lililotoka mwaka 1806, na nyota ni kiumbe cha Allah kinachoonekana hata kutoka Nguvumali. Lakini wengi wao walilipokea likiwa limeshikana kama uji ulioganda. Hawajui neno moja linaishia wapi na la pili linaanzia wapi. Ikabidi tutunge letu. Si shairi kubwa, na tunaomba wenye fani watusamehe:

The tide goes out, the tide comes in,
The boats are on the sand;
My father sits and mends his net,
A needle in his hand.

My mother fries the fish at dusk,
My sister boils the rice;
We say Bismillah, then we eat,
And no one asks us twice.

Maana yake kwa ufupi: maji yanakupwa na kujaa, mashua ziko mchangani, baba ameketi anashona nyavu, sindano mkononi. Mama anakaanga samaki magharibi, dada anapika wali. Tunasema Bismillah kisha tunakula, wala hatungoji kukaribishwa mara mbili.

Kila kitu humo mtoto anakijua. Amewaona wavuvi wakishona nyavu ufukweni, amemwona mama jikoni. Kigeni ni lugha tu. Hii ni sharti yetu ya kwanza, na tunaishikilia sana: anayejifunza lugha mpya asibebeshwe na mambo mapya kwa wakati mmoja.

Sasa hebu mwanafunzi unayesoma makala hii uhesabu kwa vidole. Mstari wa kwanza una mizani nane, wa pili sita, wa tatu nane, wa nne sita. Ubeti wa pili ni vivyo hivyo. Vina viko mwisho wa mstari wa pili na wa nne: sand na hand, rice na twice. Mpaka hapo hakuna jipya kwa mtoto aliyelelewa na tenzi. Lakini mizani hizi zina kazi ambayo mwalimu peke yake hawezi kuifanya.

Kazi ya kwanza. Kiswahili hupenda neno limalizike kwa irabu. Ndiyo maana sote, tukiwemo sisi tunaoandika, tulipoanza Kiingereza tulitia irabu mwishoni mwa kila neno. Mstari wa nne, wenye mizani sita, kijana wa kwanza aliusoma hivi: "e nidoli ini hizi handi." Hesabu: ni mizani kumi! Hatukumwambia amekosea. Tulimwambia ahesabu. Alihesabu, akarudia, akahesabu tena, na mara ya nne zikabaki sita. Wenzake walishangilia kama Coastal Union imefunga bao.

Na hapa mtoto wa madrasa ana akiba ambayo pengine haijui. Anapokisoma Kitabu cha Allah na kusimama mwisho wa aya, hutia sukuni, hamalizii kwa irabu. Ulimi wake umeshafundishwa kufunga neno. Vile vile herufi za tha na dhal ameshazisoma, ncha ya ulimi na ncha za meno ya juu, na Kiswahili chetu nacho kina thelathini na dhahabu. Basi kwa nini aseme "ze" badala ya "the"? Makhraj anayo, ni kuikumbuka tu. Tahadhari moja: wenye kuhifadhi huipeleka qalqala yao mpaka kwenye hand na sand, ikasikika irabu ndogo mwishoni. Qalqala ibaki mahali pake. Wala hatusemi shairi la Kiingereza lisomwe kwa naghma za tilawa, hasha. Tilawa ni ibada, na hili ni zoezi la ulimi.

Kazi ya pili ya mizani ni kuvilinda vile vijineno vidogo. Kiswahili hakina "the" wala "a" mbele ya majina, kwa hiyo sisi huviangusha bila kujua tumeangusha kitu. Mwandishie mtoto ubaoni mara mia kwamba vinatakiwa, na kesho ataviacha. Lakini katika shairi, akisema "Boats are on sand", amebaki na mizani nne mahali pa sita, na makofi yanamkosa. Anasikia mwenyewe kwamba mstari unachechemea. Hakuna haja ya kalamu nyekundu.

Kazi ya tatu ndiyo ngumu. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, na ukirefusha neno, mkazo unahama nayo kwa utaratibu: soma, somesha, someshana. Kiingereza hakina adabu hiyo. Katika photograph mkazo uko mwanzo, katika photographer umesogea silabi ya pili, katika photographic umefika ya tatu. Tena silabi isiyo na mkazo humezwa, isisikike sawasawa. Ndiyo maana mtoto wetu anaweza kuyajua maneno yote yaliyoandikwa na bado asimwelewe mtu anayezungumza. Kwa hiyo katika Kiingereza kuhesabu silabi hakutoshi, lazima kuhesabu mapigo. Mstari wetu wa kwanza una mapigo manne, wa pili matatu. Tunapiga makofi mahali pa mkazo tu: father kofi liko mwanzoni, needle mwanzoni, Bismillah katikati kama tunavyolitamka siku zote. Hayo ndiyo makofi mnayoyasikia nyumbani, ndugu wazazi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu jambo ambalo mizani haiwezi. Kiswahili humtaja mtendaji mwanzoni mwa kitenzi: anashona, wanashona. Kiingereza cha wakati wa mazoea humtaja mwishoni, kwa s moja hafifu: he mends, they mend. Mwanafunzi akisema "My father sit and mend his net", mizani ni nane zile zile na mapigo ni manne yale yale. Shairi halitamshtaki. Hapa mwalimu lazima afungue masikio. Sisi tumewapa vijana kazi ya kuinua kidole kila wanaposikia s ya kitenzi. Katika beti zote mbili ziko saba: goes, comes, sits, mends, fries, boils, asks. Ikiinuka mikono na kubaki vidole vitano, tunarudi mwanzo. Kisha tunauliza: mbona "we say" na "we eat" hazina s? Na mbona boats inayo? Ndipo wanapogundua kwamba s hiyo hiyo huonyesha wingi ikiwa kwenye jina na umoja ikiwa kwenye kitenzi. Wanacheka, na wana haki ya kucheka.

Tuliteleza wapi

Tusijisifu. Mwaka wa kwanza tulifanya kosa ambalo madrasa nyingi zinalijua, na haifai kulificha. Tuliandaa kisomo mbele ya wazazi. Kijana mmoja wa darasa la sita alisimama, akasema beti zote mbili bila kutikisika, matamshi safi, mapigo mahali pake. Wazazi walifurahi. Mgeni mmoja aliyekuwa ameketi mbele alipendezwa akamwuliza kwa Kiingereza, polepole na kwa upole, nani anashona nyavu. Kijana alimtazama. Mgeni akarudia. Kijana akaanza shairi upya: the tide goes out...

Watu walicheka kwa mapenzi, lakini sisi walimu hatukucheka. Tulikuwa tumempa kasuku mwingine rangi mpya. Anayehifadhi bila kuelewa ana thawabu yake katika Qurani, na hilo halina mjadala. Lakini shairi la mashua na nyavu halina thawabu ya herufi. Lisipofahamika, muda umepotea.

Tangu siku hiyo tulibadilisha mpango. Hakuna mstari unaohifadhiwa kabla haujaulizwa. Mwalimu anasema mstari, watoto wanausikiliza wakiwa wamefumba macho, anausema tena, wanausema naye. Papo hapo maswali yanafuata kwa Kiingereza, mafupi: nani? wapi? ana nini mkononi? Mwanzo jibu la neno moja linatosha. Kisha jibu la mstari mzima, kwa kuwa mstari uko mdomoni tayari. Kisha tunabadilisha neno moja: si baba bali kaka, si nyavu bali shati. "My brother sits and mends his shirt." Mizani imetimia, na mtoto amesema sentensi ambayo hakuna mtu aliyempa. Kwetu sisi hiyo ndiyo dakika ambayo somo limeanza. Yaliyotangulia yalikuwa kutandika mkeka.

Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana nafasi, tena kubwa. Mwambie mwanao akusomee ubeti, wewe upige makofi. Makofi yakigongana, mwambie arudie. Kisha mwambie akueleze kwa Kiswahili kila mstari unasema nini. Akibabaika, usimkaripie; tuletee habari Jumamosi. Mama mmoja muuza samaki hufanya hivyo kila jioni akiwa anapaa samaki, na mwanawe ni miongoni mwa watatu bora. Hajui Kiingereza hata neno, ila fish, ambalo anasema amelisikia mpaka limemchosha.

Vina navyo tunavitumia, ingawa kwa kupita tu. Maandishi ya Kiingereza hudanganya, na kina hufichua uongo. Eight na late hazifanani hata kidogo kwenye karatasi, lakini zikikaa mwisho wa mistari miwili mtoto anajua sauti ni moja.

Kwa wakubwa

Wanafunzi wetu wa sekondari hawatosheki na mashua na wali, na haifai watosheke. Kwa hao tunapita njia nyingine: shairi moja katika lugha mbili.

Pwani yetu ina hazina hiyo na wengi hawaijui. Utendi ambao Mwana Kupona alimtungia binti yake huko Lamu, mwaka 1858, ulifasiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner na William Hichens, ukachapishwa mwaka 1934. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilichapishwa na Hichens mwaka 1939 pamoja na tafsiri. J. W. T. Allen alikusanya tendi sita pamoja na Kiingereza chake katika kitabu cha mwaka 1971. Hata jina la kata yetu limo katika orodha hii: Swifa ya Nguvumali ya Hassan bin Ismail ilichapishwa Oxford mwaka 1968 na tafsiri ya Peter Lienhardt. Hiyo ni habari ya mganga, hatuisomeshi hapa. Tunaitaja kwa sababu vijana wakisikia jina lao limefika Oxford hukaa sawasawa.

Faida ya vitabu hivi ni kwamba maana inatangulia. Kijana anasoma ubeti wa Kiswahili, anaujua unasema nini, kisha anauona umesimama kwa Kiingereza, na anaweza kupima kila neno: hili limetokana na lipi? Hili limeongezwa? Hili limeachwa? Tusifiche kwamba Kiamu cha Mwana Kupona nacho kinahitaji mkalimani kwa mtoto wa Tanga. Mara nyingine Kiingereza ndicho kilichotusaidia sisi walimu kukielewa Kiswahili, na hilo lilitutia aibu kidogo.

Njia ya kurudi ilipitwa na jirani yetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Machui hapa hapa Tanga, alichukua rubai za Omar Khayyam kutoka katika Kiingereza cha Edward FitzGerald, naye FitzGerald alikuwa amezitoa katika Kiajemi, akaziweka katika beti za Kiswahili. Kitabu kilitoka mwaka 1952. Fikirini, vijana: karani wa serikali, mtoto wa kijiji cha pwani, anakisoma Kiingereza kwa undani kiasi cha kukitolea beti zenye vina. Hakupata shahada ya chuo kikuu. Mashairi yale yana maneno ya ulevi ambayo mwalimu atachagua pa kupita, lakini kazi yenyewe ni darasa. Mwalimu Nyerere naye alifasiri tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na maandishi ya Shakespeare ni mashairi sehemu kubwa. Tumewapa kidato cha tatu mistari kumi ya Kiingereza wakaifasiri kwanza wenyewe, kisha tukawafunulia ya Mwalimu. Mabishano yaliendelea mpaka adhana ya Adhuhuri.

Wanaoona haya ni mapambo wakumbuke mtihani. Kwa miaka mingi orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiingereza kwa kidato cha tatu na cha nne imekuwa na mashairi, na miongoni mwake ni Song of Lawino ya Okot p'Bitek, iliyotoka mwaka 1966. Okot, Mwacholi wa Gulu, aliutunga kwanza kwa Kiacholi, kisha akaufasiri mwenyewe kwa Kiingereza, na alikiri kwamba vina na mapigo ya lugha yake vilipotea njiani. Mwanafunzi aliyewahi kuhangaika kuhamisha ubeti mmoja kutoka lugha moja kwenda nyingine anamwelewa Okot kabla hajafungua maelezo ya mwalimu. Aliyekariri tu majibu ya maswali ya miaka iliyopita hamwelewi, hata akipata alama.

Vitumbua

Tumalizie na kazi za wanafunzi wenyewe. Baada ya beti zetu mbili kuzoeleka, tuliwataka kila kundi litunge ubeti wake wa nane na sita kuhusu nyumbani kwao. Wengi walianza kwa mistari iliyovunjika, ikarekebishwa kwa makofi. Kundi moja lilituletea huu, baada ya s mbili kupatikana zilikopotelea:

My uncle sells his bread at dawn,
My father drives a bus;
They come back home when night is near
And cook the beans for us.

Kuna aliyedai kwamba nyumba ambayo wanaume ndio wapikao maharage haipo Nguvumali. Mtunzi akasema ipo, na anaijua kwa namba.

Lakini ubeti uliotushughulisha zaidi ni wa yule binti tuliyemtaja mwanzoni. Alikuwa amekubali kuja Jumamosi kuwasaidia wadogo, kwa sharti asiulizwe kitu mbele za watu. Siku ile aliinua mkono mwenyewe, akasoma mstari wake wa kwanza: "My mother sells vitumbua."

Tuhesabu: my, mo, ther, sells, vi, tu, mbu, a. Mizani nane kamili. Darasa likapiga makofi, na makofi yakamkataa. Pigo la Kiingereza linadai liangukie kwenye "tu" na kwenye "a". Mkazo wa Kiswahili umekaa kwenye "mbu" na hautaki kuondoka. Mizani imetimia, mapigo yamegombana. Kwa miezi mitatu tulikuwa tukitafuta mfano wa kueleza tofauti ya mizani yetu na mapigo yao, naye ametuletea kwenye sahani.

Walimu tuligawanyika. Mmoja alitaka aandike bread kama wenzake. Mwingine akasema mkate si vitumbua, na mama yake hauzi mikate. Tukamwachia mwenyewe aamue. Alifikiri, akajaribu bread, akapiga makofi, akajaribu tena vitumbua. Kisha akasema, kwa Kiingereza, taratibu, mbele ya darasa zima, kwamba mama yake anauza vitumbua na neno halibadilishwi. S ya sells ilikuwepo. Tuliisikia wote.

Ubeti wake umebandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na ya wengine. Wazazi mnakaribishwa kuusoma, na anayetaka vitumbua vyenyewe aje mapema.